Naomba ushauri: ombi moja kubwa la utafiti wa anga, au tulikatekate?

Wadau hamjambo. Nafundisha fizikia chuo kimoja hapa Nairobi. Idara yetu inatafuta fedha za miaka mitano kwa mpango mmoja mpana: pulsa (masalia ya nyota yanayozunguka kwa kasi na kutoa mawimbi kwa mapigo), data za eksirei kutoka setilaiti, na ionosfia, yaani tabaka la juu la angahewa lenye chembe za umeme, ambayo huku kwetu ikweta huvuruga mawimbi ya GPS jua likishazama. Kipokezi chetu kiko juu ya paa, kimefungwa kwa waya wa kuanikia nguo. Stima ikipotea, data ya usiku huo imekwenda.

Tumeshanyimwa mara moja. Tuliambiwa tumetawanyika mno. Lakini wanafunzi ni walewale, kompyuta ni ileile! Na setilaiti ya Uhuru, ya kwanza kabisa kuundwa mahususi kuchunguza eksirei za angani, ilirushwa pwani yetu karibu na Malindi mwaka 1970. Leo tuombe vijisenti vya semina? (Najua, hisia hazijazi bajeti.)

Mliowahi kupata ruzuku: tuligawe kwa wafadhili watatu, au tushikilie moja? Na mishahara ya watafiti wenye uzamivu mnaiandikaje isifyekwe? Tunatuma Ijumaa ijayo.