Riad ya Fes: chumba cha chini au cha juu?

MwanaTanga: Wadau, Desemba nampeleka mama Fes, Moroko. Magoti yanamsumbua. Tunataka riad, zile nyumba za jadi zenye ua katikati zinazopokea wageni, ndani ya mji wa kale. Tuchukue chumba cha chini au cha juu?

Nassor_M: Chini, ndugu yangu. Ngazi ni nyembamba na vipandio virefu. Ila madirisha yanatazama uani, giza lipo, na vigae vya zeliji Desemba ni baridi mno. Ulizia hita kabla hujalipa! Mimi nililala na soksi. Lakini ile chai ya nanaa asubuhi, chini ya mchungwa, maji yakichuruzika kwenye kibwawa cha uani, bado naikumbuka.

Bi Zuhura: Mwanangu, magari hayaingii vichochoroni, mizigo huenda kwa mkokoteni. Mwombe mwenyeji awapokee kwenye lango la mji wa kale, mama asihangaike.

MwanaTanga: Shukrani, bibi. Nachukua cha chini.