Naomba ushauri: nisimulieje safari yangu ya Zambia?

Shikamooni wakubwa, na wenzangu habari zenu. Niko Ngamiani, Tanga. Nilipanda treni ya TAZARA kutoka Dar es Salaam hadi Kapiri Mposhi, kilomita 1,860, kisha basi mpaka Livingstone kuyaona maporomoko ya Mosi-oa-Tunya. Manyunyu yake yanakulowesha hata hujayafikia. Daftari langu mpaka leo kurasa zimejikunja na wino umesambaa.

Njiani nilikuwa nawatumia jamaa wa barazani sauti kwa WhatsApp. Walizipenda mno, ila wengi wamezifuta, simu zilijaa. Sasa naandika. Nimejaribu kufuata siku, ya kwanza, ya pili. Nikamsomea mama, akawa kimya tu. Lakini nilipomsimulia kwa mdomo habari za bibi aliyepanda Tunduma akanimegea hindi lake la kuchemsha, maswali hayakuisha mpaka chai ikapoa.

Je, niache mpangilio wa siku niandike kisa kimoja kimoja? Na picha za abiria: waliniruhusu kuwapiga, ila sikuwaambia nitazisambaza. Nizitumie au niziache? Hili la pili linanikosesha raha kweli.