Sabuni ya kunyolea ya shilingi 65,000: nimeuziwa bakuli, sabuni iko wapi?

Ndugu zangu, nawasalimu nyote, na nakiri mapema kwamba naandika nikiwa na hasira. Mimi ni mhudumu wa mapokezi katika hoteli moja hapa Dar es Salaam, na sharti la kazi ni kufika na kidevu kisafi kila asubuhi, siku 6 kwa wiki. Kwa hiyo nanyoa ndevu mara 26 hivi kwa mwezi, na suala la fedha ya sabuni ya kunyolea kwangu linakaa kwenye bajeti, karibu kabisa na nauli ya daladala.

Mwezi wa Aprili niliingia katika duka moja la vipodozi vya wanaume, ndani ya jengo lenye kiyoyozi na ngazi za umeme, nikauziwa sabuni iliyomiminwa ndani ya bakuli la mbao kwa shilingi 65,000. Kijana aliyenihudumia, mtanashati na mwenye adabu, aliniambia, "Mzee, hii utatumia miezi minne bila wasiwasi," akaongeza kwamba povu lake ni zito na kwamba lingeniondolea vipele vya ndevu vilivyonisumbua tangu ujana. Ubavuni mwa bakuli palibandikwa karatasi iliyoandikwa gramu 150. Nilipiga hesabu papo hapo, nikaona ni shilingi 16,250 kwa mwezi, kiasi kikubwa, lakini nikajisemea kwamba mtu aliyefanya kazi miaka 20 anastahili angalau mara moja kunyoa kama bwana.

Nina jirani ambaye ni sonara, na mizani yake haidanganyi hata kwa nusu gramu. Kabla ya kulowesha brashi nilimpelekea bakuli lile, zaidi kwa kujivuna kuliko kwa mashaka, na tukaliweka kwenye mizani pamoja na kifuniko chake. Mizani ikasoma gramu 150 kamili. Sikushtuka wakati ule, na hapo ndipo ninapojilaumu, kwa sababu uzito wa sabuni ulipaswa kuwa 150 na mbao iongezeke juu yake. Nilinyoa mara 10, nikaliacha bakuli likauke siku mbili, nikalirudisha, likasoma 134. Wiki iliyofuata kipande kilisinyaa, kikabanduka chenyewe, nikalifuta bakuli na kulikausha tena, nikalipima likiwa tupu na kifuniko chake: gramu 68. Maana yake ni kwamba siku niliyolinunua lilikuwa na gramu 82 tu za sabuni, na kwamba muuzaji, au aliyemuuzia muuzaji, aliihesabu mbao kuwa sabuni.

Sasa fuateni hesabu, kwa sababu watu wengi wanaponunua sabuni ya kunyolea hutazama bei ya kopo na kuishia hapo, ilhali bei ya maana ni ya kila kunyoa. Mimi nilitumia gramu 16 kwa mara 10, yaani gramu 1.6 kila asubuhi. Gramu 82 kwa mwendo huo zinatosha mara 51, ambazo kwa ratiba yangu hazifiki hata miezi miwili kamili, achilia mbali minne. Ukigawa shilingi 65,000 kwa mara 51 unapata takriban shilingi 1,274 kila ninaposimama mbele ya kioo, na kwa mwezi ni zaidi ya shilingi 33,000. Kinyozi wa mtaani kwetu ananyoa ndevu kwa shilingi 2,000, na ndani yake kuna kiti, feni, na mazungumzo ya mpira.

Nikalinganisha na Arko, sabuni ya kijiti kutoka Uturuki, inayokuja ikiwa imefungwa karatasi na yenye gramu 75, ambayo niliipata kwa shilingi 8,000. Huna haja ya bakuli. Unaisugua kijiti moja kwa moja kwenye ndevu zilizolowa, kisha unapandisha povu kwa brashi usoni. Mizani ya sonara ilionyesha kwamba mara 10 zilikula gramu 11. Kijiti hicho basi kinatoa mara 68 kwa takriban shilingi 118 kila mara. Harufu yake ni ya sabuni ya kawaida na haimvutii mtu yeyote, lakini povu lake lilidumu hadi nilipomaliza mzunguko wa pili wa wembe, wakati lile la kifahari lilikauka na kupasuka kabla sijafika shingoni, ikanilazimu kuongeza sabuni, na ndiyo sababu lilikula gramu nyingi zaidi.

Sababu ya tofauti hiyo imeandikwa kwenye karatasi zenyewe, kwa maandishi madogo ambayo nilipaswa kuyasoma dukani. Viambato huorodheshwa kwa kuanzia na kile kilicho kingi zaidi. Sabuni nzuri ya kunyolea husimama juu ya asidi ya steariki au shahamu ya ng'ombe iliyochemshwa na potashi, kwa sababu potashi hutoa sabuni laini inayonyonya maji upesi, na asidi ya steariki hulifanya povu kuwa zito na la kudumu. Kijiti kile kinaanza na shahamu na potashi. Bakuli langu linaanza na gliserini, kisha inafuata sabuni ya soda, ile ngumu, halafu kemikali ya povu inayowekwa kwenye shampuu, na mwisho manukato. Gliserini ina kazi yake ya kuzuia ngozi isikauke, lakini haiwezi kubeba povu peke yake.

Msije mkaniambia kwamba tatizo ni maji ya Dar es Salaam, maana hilo nalo nimelipima. Ni kweli kwamba maji ya visima vyetu vingi yana chumvi na ni magumu; kalsiamu na magnesiamu zilizomo huishika sabuni na kuigeuza ule utando mweupe unaoganda kwenye ndoo, na hapo hata sabuni ya bei mbaya hukataa kutoa povu. Kwa sababu hiyo sabuni zote mbili nilizijaribu kwa maji ya mvua niliyokinga mwenyewe, kikombe kimoja kwa kila kunyoa. Kikombe hicho cha maji laini, ambacho hakinigharimu kitu, kilibadilisha povu kuliko shilingi 57,000 nilizoongeza juu ya bei ya kijiti.

Kuhusu vipele, hapa ndipo ninapohisi nimedhulumiwa hasa. Nywele zetu zimejikunja. Zikikatwa karibu mno na ngozi, ncha yake iliyochongoka hurudi ndani na kuleta uvimbe. Hakuna sabuni inayoweza kuunyoosha unywele, iwe ya shilingi 500 au ya 500,000. Kinachosaidia ni kuzilainisha ndevu kwa maji ya uvuguvugu kwa dakika mbili au tatu, kunyoa kwa kufuata zinakoelekea, kutoivuta ngozi, na kutumia wembe mmoja mkali badala ya zile nyembe zilizopangwa tatu au tano. Sabuni inahitajika ili wembe uteleze, basi. Kumwambia mteja mwenye makovu shingoni kwamba bakuli la mbao litamponya ni kuuza dawa ambayo haipo.

Nafahamu pia kwamba bakuli la mbao lina historia yake. London yapo maduka ya kale, kama Truefitt & Hill lililoanza mwaka 1805, yanayouza sabuni kwa namna hiyo; lakini wao huuza vilevile kipande cha kujazia peke yake, ili mteja alinunue bakuli mara moja na baadaye alipie sabuni tu. Nilipouliza kipande cha kujazia dukani kwetu, nilitazamwa kama niliyeomba mkia wa samaki kwa muuza viatu.

Simtetei mtu anayenyoa kwa sabuni ya mche. Marehemu baba alifanya hivyo hadi anastaafu, na shingo yake ilikuwa nyekundu kila Jumatatu. Sabuni ya kufulia ni kali na povu lake hukauka upesi. Ila kiwango changu nimekwisha kukiweka: sabuni isizidi shilingi 150 kwa kunyoa mara moja. Wembe mmoja naununua shilingi 300 na naunyolea mara nne, yaani shilingi 75 kila mara, na sioni kwa nini povu linaloishia kwenye sinki ligharimu zaidi ya mara mbili ya chuma kinachofanya kazi. Anayependa harufu ya msandali na aongeze anavyotaka, mradi ajue kwamba analipia harufu. (Brashi yangu ni ya nyuzi za plastiki, shilingi 10,000, mwaka wa tatu sasa. Wenzangu Waislamu waulize kabla ya kununua, kwa kuwa brashi nyingi za bei nafuu ni za nywele za nguruwe.)

Jumamosi nilirudi dukani na bakuli, kipande kilichobanduka, na karatasi ya vipimo vya sonara. Meneja alinijibu kwamba gramu 150 ni "uzito wa bidhaa nzima", na kwamba bidhaa ikishafunguliwa hairudishwi. Nilimuuliza kama muuza asali hupima na ndoo, akaenda kumhudumia mteja mwingine. Bidhaa iliyofungashwa inatakiwa kuonyesha uzito wa kilichomo bila chombo chake, na hilo si ombi la hisani; kwa hiyo Jumatatu, kabla ya zamu yangu, nalipeleka bakuli lile Wakala wa Vipimo pamoja na risiti. Mwenye bakuli la namna hiyo nyumbani asingoje libanduke lenyewe. Alipime leo, ayaandike maandishi ya ubavuni kama yalivyo, na atutajie hapa gramu zote mbili.