Ngoma inaweza kumlisha mtu ughaibuni?

Kijana wa Igoma: Shikamooni wakubwa. Nafundisha watoto wa mtaani bugobogobo, ngoma yetu ya Kisukuma ya majembe, jioni tatu kwa wiki. Nimealikwa kufundisha nje miezi sita, mzee wangu anasema ngoma si kazi. Nimesoma habari za mcheza ngoma Akram Khan: wazazi Wabangladeshi, kazaliwa London 1974, anacheza kathak, ngoma ya jadi ya Kihindi, tangu udogoni, kundi lake likaanza 2000. Lakini yeye kakulia hukohuko. Mimi wa huku nitashika wapi?

Mzee wa Kirumba: Marahaba. Msome Uday Shankar, mcheza ngoma Mbengali aliyezaliwa India 1900. Alikwenda London kusomea uchoraji, si ngoma! Anna Pavlova, mcheza baleti maarufu wa Urusi, akamwona, na 1923 wakacheza pamoja ngoma ya Radha na Krishna, miungu ya Kihindu. Baadaye akazunguka Ulaya na Marekani na kundi lake, kisha akarudi India kufungua kituo cha kufundishia ngoma, mjini Almora. Mkataba usome mwenyewe, hasa nani analipa nauli ya kurudi. Mimi niliachwa ugenini hivyohivyo.

Mama wa Kisesa: Mwanangu, jirani yangu wa zamani alicheza kathak. Njuga zake alizitunga kwenye kamba moja moja, fundo kila njuga, zaidi ya mia kwa mguu. Nikamwonyesha zetu za Bujora, kwenye makumbusho ya Wasukuma, akazitikisa sikioni kwanza, halafu akafunga. Beba njuga na jembe lako. Na baba yako, je, ameshakuona ukifundisha?

Kijana wa Igoma: Bado, mama. Jumamosi namleta.