Ukaguzi wa nyumba za umma Marekani: mpangaji anahusikaje?

Swali
Ndugu zangu, sisi ni familia kutoka Kongo na tunaishi katika nyumba za umma hapa Ohio. Tumeandikiwa kwamba wakaguzi watapita wiki ijayo, nami ningependa kujua wanatazama nini hasa, na kama king'ora cha moshi kisicholia, ambacho nimekilalamikia bila kuletewa fundi, kitahesabiwa kuwa kosa letu.

Jibu la kwanza
Dada, tangu Julai 2023 wizara inayosimamia nyumba, HUD, inatumia kanuni ziitwazo NSPIRE, ambazo hutanguliza usalama na afya ya wakaaji kuliko sura ya nje ya majengo. Makazi hupewa alama kati ya 0 na 100, na yakipata chini ya 60 huwa yameshindwa. Alama hizo ni za msimamizi wa makazi yenu, si zako. King'ora kibovu ni hatari kwa maisha, kwa hiyo hutakiwa kurekebishwa ndani ya saa 24, wakati kasoro za wastani hupewa siku 30.

Jibu la pili
Ni kweli, ila kama mpangaji mwenyewe amekifunika au kukiondoa king'ora, hilo ni jambo jingine na mkataba unaweza kumbana. Usingoje wakaguzi, dada yangu: peleka ombi la matengenezo kwa maandishi leo hii, utunze nakala yenye tarehe, na wakaguzi wakija uwaonyeshe pia unyevu au ukungu wowote ulioko bafuni.

Muuliza swali
Asanteni sana. Barua nitaipeleka ofisini kesho asubuhi.