Mkono wa roboti wa pau nne unakwama katikati na kutetemeka juu, naomba ushauri

Mkono_Mrefu
Wakuu, habari za muda huu. Tunajenga roboti ya mashindano ya wanafunzi na mimi ndiye nimepewa mkono. Ni mkono wa pau sambamba: kila ubavu una upau wa juu na upau wa chini, nyuma zimeshikwa na mnara, mbele zimeshikwa na kibati kinachobeba koleo. Pau ni za alumini, upana mm 20, unene mm 3, na kutoka pini hadi pini ni mm 300. Pini za mnarani zimeachana mm 60, za mbele mm 60 vilevile, ili koleo libaki mlalo safari nzima.

Shida ni mbili. Mkono ukifika mlalo unakwama, servo (mota inayogeuka hadi pembe unayoiamuru) inanguruma, mpaka niusukume kidogo. Ukifika juu kabisa, koleo linainama na kutetemeka. Ninunue servo yenye nguvu zaidi au nitie giya? Mashindano yamekaribia, sitaki kubomoa.

FundiPini
Mkuu, servo gani, na koleo lina uzito gani likiwa na mzigo? Bila namba hizo kila mtu atakujibu kwa kubahatisha.

KambaNaPuli
Mimi ningekushauri uachane na pau kabisa. Kama lengo ni kupanda wima, weka reli za kuteleza zenye kamba na puli. Reli ya mm 300 ukiiachia mm 100 ya kupishana inakupa mm 200 za kupanda kwa kila hatua, na mzigo hausogei mbele. Mkono wako ukitoka nyuzi 60 chini ya mlalo kwenda 60 juu, katikati ya safari koleo liko mm 150 mbele zaidi ya lilipoanzia. Roboti nyepesi itapiga pua chini hapo.

Mkono_Mrefu
Asante mkuu, ila reli sina nafasi nazo, na roboti lazima ianze ndani ya sanduku la sm 45 kila upande. Kuhusu kupiga pua, betri iko nyuma kabisa, nimejaribu haianguki.

Servo ni ya kilo 20 kwa sentimita (kilo 20 zikining'inia sentimita 1 kutoka kwenye shafti), inazunguka nyuzi 180, imefungwa moja kwa moja kwenye upau wa juu wa kushoto. Mkono unatoka nyuzi 60 chini hadi nyuzi 85 juu. Mzigo wenyewe ni gramu 200 tu, kwa hiyo nguvu ipo.

BiTorki
Gramu 200 ni mzigo. Koleo je, pamoja na servo yake?

Mkono_Mrefu
Gramu 350. Lakini hilo nadhani halihesabiki sana, kwa sababu koleo linakaa mlalo muda wote. Na giya za meno 12 na 60 nimeshazichapa kwa printa, naona niweke hizo tu yaishe.

BiTorki
Linahesabika lote, ndugu yangu. Tuweke namba mezani.

Koleo 350 na mzigo 200 ni gramu 550. Upau mmoja wa ukubwa wako una gramu 49 hivi, ziko nne, na nusu ya uzito wake ndiyo inayohesabika kwenye ncha ya mbele: ongeza 100. Jumla gramu 650. Kilo 0.65 mara 9.81 mara mita 0.3 unapata newtoni-mita 1.9, yaani kilo 19.5 kwa sentimita. Ile 20 iliyoandikwa kwenye servo ni torki (nguvu ya kuzungusha) ya kukwama: shafti imesimama na umeme wote unageuka joto. Kwa kazi ya kurudia rudia usiiombe zaidi ya theluthi yake.

Ndiyo maana inakufa palepale ikifika mlalo. Torki inafuata kosaini ya pembe. Kwenye nyuzi 60, juu au chini, inabaki nusu, basi servo inapumua.

Giya zako ni moja kwa tano. Nyuzi 180 gawanya kwa 5 ni 36, na wewe unahitaji 145. Mkono utanyanyuka kidogo na kuishia hapo. Hizo giya ni za mota inayozunguka bila kikomo.

Mzani
Niongeze hapo kwenye koleo kukaa mlalo, kwa sababu wengi wanachanganya. Mwaka 1669 Mfaransa Gilles Personne de Roberval alionyesha mizani yenye pau sambamba ambayo haijali umeweka kitu wapi juu ya sahani. Inajali uzito tu. Mkono wako ni mizani hiyo. Ukirefusha koleo kwa mm 50, torki ya servo haibadiliki kwa urefu huo. Ukiongeza gramu 50, inabadilika. Kinachoumia kwa urefu wa koleo ni pau na pini: za juu zinavutwa, za chini zinasukumwa.

Karatasi_Kwanza
Wanafunzi wengi wanakimbilia msumeno kabla ya karatasi. Kata pau kwa boksi gumu, ukubwa uleule, chomeka pini za ubao wa matangazo, uzungushe kwa vidole. Kwa muda mfupi sana utaona wapi zinagongana na wapi zinalegea, na hujapoteza kipande hata kimoja cha alumini. Mtoto akizoea kuchora kwanza, hata mashindano yakipita amebaki na kitu.

UmemeKwanza
Swali langu ni moja: waya mwekundu wa servo umechomekwa wapi?

Mkono_Mrefu
Kwenye pini ya volti 5 ya bodi inayoongoza roboti.

UmemeKwanza
Uondoe hapo leo. Servo ya ukubwa huo ikikwama inaweza kuvuta ampea 2 na zaidi, pini ile haiwezi. Volti zinashuka, bodi inajizima na kuwaka upya, mkono unaruka. Ipe chanzo chake cha volti 6, waya hasi wa chanzo uungane na waya hasi wa bodi, na kapasita ya maikrofaradi 1000 karibu na plagi ya servo. Angalia upande wa hasi wa kapasita kabla hujawasha.

Nyuzi_Kali
Jamani, mimi naona hii ni chai. Hakuna mkono hapa.

Pau zina upana wa mm 20 na pini zimeachana mm 60. Nafasi kati ya mistari ya pau si 60 muda wote. Ni 60 mara kosaini ya pembe. Zinagusana nafasi hiyo ikifika 20, na kosaini ikiwa theluthi moja pembe ni nyuzi 70 na nusu. Mleta uzi anasema anafika 85. Haiwezekani. Ama namba zimetungwa, ama mtu ameokota swali mahali akaliweka hapa watu wakeshe wakikokotoa.

KambaNaPuli
Hesabu ya Nyuzi_Kali iko sawa. Mleta uzi, jibu hilo kwanza.

Mkono_Mrefu
Si chai wakuu, mkono upo na unafika 85. Pau hazigusani kwa sababu haziko ubavu mmoja wa bati. Za juu ziko nje ya mnara, za chini ziko ndani, kwa hiyo zinapishana. Nimeweka bushi ya plastiki ya mm 12 kila mahali ili zipate nafasi, skrubu ndefu za M3, matundu ya 3.2. Nilifanya hivyo makusudi kwa sababu shabaha iko juu, na bila 85 siifikii. Sikuona kama inahusiana na servo.

FundiPini
Basi hapo ndipo ugonjwa wa juu ulipo, na hauhusiani na servo kabisa.

Skrubu yako imeshikwa upande mmoja tu, na nguvu inaipiga mm 12 kutoka iliposhikwa. Inapinda kama fimbo ya kuvulia. Shika skrubu ya nyuma kwa kidole huku mwenzako akigusa koleo, utaiona ikicheza.

Pili, angalia nyuzi 85 zinafanya nini. Chukua uzito wa koleo na mzigo, gramu 550, kitovu chake tukiseme kiko mm 90 mbele ya pini. Unataka kuinamisha kibati kwa newtoni-mita 0.49. Pau zinapinga kwa kuachana kwake. Mkono ukiwa mlalo zimeachana mm 60, kila jozi ya pini, ya kushoto na ya kulia pamoja, inabeba newtoni 8 hivi. Kwenye nyuzi 60 zimeachana 30, newtoni 16. Kwenye 85 zimeachana mm 5.2 tu, newtoni 93. Hiyo ndiyo nguvu inayokunja M3 zako.

Na ulegevu unakua vivyo hivyo. Skrubu ya 3 kwenye tundu la 3.2 inaacha 0.2, ncha mbili ni 0.4. Kwa upau mmoja tu, mkono ukiwa mlalo hiyo ni chini ya nusu ya nyuzi moja. Kwenye 85 ni zaidi ya nyuzi 4, na kitovu cha koleo kinashuka karibu mm 7. Hata ukifunga servo ya kilo 60, litatetemeka vilevile.

Nyuzi_Kali
Sawa, naondoa neno la chai. Lakini swali langu ni hili: hiyo 85 inakununulia nini? 300 mara saini ya 60 ni mm 260. Saini ya 85 ni mm 299. Unaharibu mkono mzima kwa mm 39.

Mkono_Mrefu
Hizo 39 ndizo ninazozihitaji mkuu. Na pau nimeshatoboa.

BiTorki
Kata pau mpya za mm 350. Kwenye nyuzi 60 unapanda mm 303, umeipita 85 yako. Chini unashuka hadi nyuzi 48 tu na unapata zile mm 260 ulizokuwa nazo. Safari nzima ni nyuzi 108, servo yako inatosha bila giya. Pau za juu na za chini zirudi upande mmoja wa bati, kwa sababu kwenye 60 hazigusani.

Torki itapanda hadi kilo 23 kwa sentimita, kwa hiyo weka mpira wa kuvutika usaidie kubeba uzito. Lenga uzito wa koleo, pau na nusu ya mzigo: 350, 110 na 100, yaani gramu 560. Servo itabaki na gramu 100 za kusukuma, juu au chini, sawa na kilo 3.5 kwa sentimita. Chomeka pini laini mnarani mm 100 juu ya egemeo la upau wa chini (pini ya mnarani unayozungukia), na nyingine kwenye upau wenyewe mm 100 kutoka egemeo. Kamba itoke kwenye upau, ipite juu ya pini ya mnara, mpira ukae wote nyuma ya mnara. Usifunge mpira wenyewe kati ya pini hizo mbili: mkono ukiwa juu pini zinakaribiana hadi mm 52 na mpira unalegea. Weka mmoja kila ubavu. Ukining'iniza gramu 250 kwenye mmoja, unyooke mm 25 hivi. Utavutwa hadi mm 187, basi chagua wenye urefu wa kutosha.

FundiPini
Kutoboa: bana pau zote nne pamoja, toboa mara moja, hapo urefu unalingana bila kupima. Anza na biti ya 4.8, malizia na 5. Tia bushi ya shaba yenye tundu la 4 na urefu wa 3.2, bolti ya M4, washa, nati ya nailoni. Upau una unene wa 3, kwa hiyo nati inabana bushi na upau unabaki huru. Bolti ishikwe pande zote mbili, upau ukiwa katikati ya mabati mawili.

Pia servo imefungwa kushoto peke yake, kwa hiyo kulia kutakuwa kunachelewa. Unganisha pau mbili za juu kwa mrija mtambuka karibu na mnara na mwingine karibu na kibati.

Mkono_Mrefu
Pau nitakata upya. Kibati na mnara nabaki navyo, natoboa tu matundu makubwa. Nitajuaje mpira umekaa sawa?

BiTorki
Chomoa servo kwenye upau. Mkono ukiwa mtupu upande wenyewe polepole, ukiwa na mzigo ushuke polepole, na kasi ikaribiane. Ukipanda haraka, sogeza pini ya upau mm 5 kuelekea egemeo. Ukishuka haraka, isogeze nje. Ukimaliza mazoezi vua kamba, mpira ukiachwa umevutwa unalegea, na uupime tena kwa zile gramu 250 kabla ya kila mechi.