Mvua ikinyesha siku tatu mfululizo nakimbilia dukani kununua sukari. Nani katufikisha hapa?

Wakuu, mods naomba msiuunganishe huu uzi na zile nyuzi za bei elekezi. Hauhusu bei peke yake.

Nina kilo 12 za sukari chini ya kitanda. Naishi Mbagala, chumba na sebule, mke na watoto wawili. Sina duka, sipiki mandazi. Kilo 12! Wiki iliyopita mvua imenyesha Jumatatu mpaka Jumatano, Alhamisi asubuhi nikajikuta niko kwa Mangi, mwenye duka wa mtaani kwetu, naomba kilo nne. Nyuma yangu watu watano, wote wamefuata sukari, na hakuna anayemtazama mwenzake usoni. Bei ilikuwa ya kawaida, mzigo ulikuwepo. Mangi akatania, "Jamani, kuna msiba wapi?" Hakuna aliyecheka.

Nataka tuseme leo nani katufundisha hii tabia, maana kila bidhaa ikiadimika tunaambiwa ni sisi wananchi tunaoleta taharuki.

Tukumbushane. Agosti 2023 Mamlaka ya Hali ya Hewa ilitangaza kwamba vuli ya mwaka ule ingekuwa na mvua za juu ya wastani, El Niño inakuja. Haikuwa siri, redio zote zilisoma. Na aliyewahi kufika shamba la miwa anajua maana yake: trekta haliingii, lori linazama kwenye tope, muwa uliokatwa unaharibikia hapo hapo, na hata ukibahatika kufika kiwandani umejaa maji kuliko sukari. Kiwanda kinasimama. Kutoka Agosti mpaka Januari kuna miezi mitano. Meli kutoka ng'ambo inafika, inashusha, inarudi na inafika tena. Januari 2024 ikaingia, sukari hakuna.

Bodi ya Sukari ikatoa bei elekezi, rejareja 2,700 mpaka 3,200 kwa kilo kutegemea kanda. Nikamwonyesha Mangi kwenye simu. Akanijibu, "Kaka, basi kanunue humo humo kwenye simu." Nikalipa 4,500.

Ila bei tungeizoea, Mtanzania anazoea bei. Ngoja niwaeleze nilichokiona pale dukani.

Mangi alikuwa anauficha mfuko wa kilo 50 chini ya kaunta, nyuma ya ndoo za mafuta. Anapima kwa kikombe cha plastiki kilichokatika mkono, anatia kwenye vifuko vya shilingi 500, anafunga fundo. Kifuko kimoja ni vikombe vitatu vya chai, kama nyumbani kwako hakuna anayependa tamu. Mwanzoni ukienda na hela yako unapewa. Ikaja, unapewa ukinunua na mchele. Mwisho wanapewa watu wa daftari la mkopo tu, wewe mwingine unaambiwa imeisha.

Sasa mwezi wa Ramadhani, kama saa kumi na moja jioni, dada mmoja wa mtaani kaambiwa imeisha. Anageuka aondoke, anamwona mtoto anatoka mlango wa uani na kifuko mkononi. Matusi aliyotukanwa Mangi siku ile siyaandiki hapa. Yakafika mpaka kwenye kabila lake, eti hawa wamekuja mjini kutunyonya. Vijana wa bodaboda wakaanza kusogea, na mmoja nilimwona kabisa ana tofali. Mzee mmoja aliyekuwa anatoka msikitini ndiye aliyesimama mlangoni mpaka watu wakatawanyika. Duka lilifungwa siku mbili. Huyu Mangi ndiye aliyetukopesha mtaa mzima wakati wa ada za shule. Tumezikana naye, tumelishana pilau. Kifuko cha mia tano kikataka kumtoa roho.

Nyumbani kwetu tuko wapangaji wanne uani. Zamani mtoto anatumwa na kikombe, "Mama kasema naomba sukari kidogo," anajaziwa, biashara imekwisha. Miezi ile kila mlango ulikuwa unajibu "hatuna" huku harufu ya vitumbua inatoka dirishani. Mke wangu na mama wa chumba cha tatu mpaka leo salamu yao ni ya mdomoni tu. Chanzo ni kikombe kimoja cha sukari cha Februari 2024. Bei ilishuka zamani, wao bado.

Miezi ile tukienda msibani tunakunywa chai ya mkandaa isiyo na sukari, imekolea rangi kama dawa, halafu mtu anaguna, na mwenye msiba anasikia. Mfiwa anaona aibu juu ya maiti yake! Hilo mlishaliona kwenye takwimu gani?

Haya, wakubwa walifanya nini? Serikali ikasema wenye viwanda walipewa vibali vya kuagiza sukari ya kuziba pengo na hawakuileta inavyotakiwa. Wenye viwanda wakasema vibali vilichelewa. Mimi mnywaji wa chai nimekaa katikati nasikiliza kama mtoto wa mke mwenza. Bungeni Luhaga Mpina, mbunge wakati ule, akamtuhumu Hussein Bashe, Waziri wa Kilimo wa wakati ule, kwamba amelidanganya Bunge kwenye suala hilo hilo la vibali, akapeleka ushahidi wake na akauzungumza mbele ya waandishi. Juni 2024 akafungiwa vikao 15. Simtetei Mpina, ana mambo yake na anajua mwenyewe. Ninachosema, mwananchi alikuwa anasubiri kuambiwa sukari ilikwenda wapi, akaambiwa nani amekiuka kanuni za Bunge.

Halafu ikabadilishwa sheria kupitia Sheria ya Fedha ya 2024, NFRA, yaani wakala wa taifa wa hifadhi ya chakula, waliokuwa wanahifadhi mahindi na nafaka nyingine wakapewa na sukari. Wazo si baya, nakiri. Kumpa kibali cha kuagiza mtu ambaye uhaba unampandishia bei ya mzigo wake mwenyewe ilikuwa sawa na kumpa fisi zamu ya bucha. Lakini maghala hayo yana tani ngapi leo? Nani amewahi kuona tangazo limebandikwa hata ofisi ya serikali ya mtaa? Mngetuambia tu, "kuna akiba ya miezi miwili, hii hapa," mimi nisingelalia kilo 12.

Na msidhani ni mara ya kwanza. 2016 enzi za Magufuli vibali vya kuagiza vilizuiwa tulinde viwanda vya ndani, bei elekezi ikawekwa 1,800, sukari ikapotea, tukaanza kuoneshwa kwenye taarifa ya habari maghala ya wafanyabiashara yanavamiwa na watu wa serikali wakisaka sukari iliyofichwa. Hiyo 1,800 mliiona tena? Miaka minane baadaye tukarudia darasa lile lile.

Najua kuna atakayekuja hapa kusema acha sukari, inaleta kisukari. Mkuu, pita. Mwingine atasema sukari haijawahi kuyumbisha nchi. Desemba 2018 pale Atbara, Sudan, mkate ulipanda kutoka pauni moja mpaka tatu, watu wakaingia barabarani. Aprili 2019 Rais Omar al-Bashir hayupo, na alikuwa na miaka karibu 30 madarakani, ana jeshi na usalama wa kila aina. Mkate haukuwa sababu pekee, walikuwa na hasira zao za miaka. Ila kule pia ilianzia dukani, kwa mtu aliyeambiwa bei mpya asubuhi. Na majirani zetu Wakenya 2023 waliandamana kupinga ugumu wa maisha na sufuria kichwani, hamkujiuliza kwa nini sufuria?

Mimi silitishi taifa. Natunza sukari kwa siri kama mwizi, na jirani yangu hivyo hivyo, na nikimwona Mangi anahamisha mfuko moyo unanidunda. Mtaa wa namna hiyo mnauita umetulia?

Sasa naomba msaada kwa walioko karibu na mashamba, kwa sababu taarifa za ofisini nimeshaacha kuzisubiri. Mlioko Kilombero, Turiani na Misenyi, malori ya miwa yanapita au yamesimama? Moshi wa kiwanda unaonekana? Na kila mmoja aandike kilo ni shilingi ngapi kwake leo. Hapa Mbagala nitaanza mimi jioni nikitoka kwa Mangi.